Giza la Aktiki na dagaa wa Bagamoyo

Siku za giza zikiingia, ufuo wa Bagamoyo huchangamka. Tangu alasiri, karibu na lile jengo la zamani la forodha, vijana wanapakia taa, betri, mafuta na nyavu, na kina mama wenye ndoo na beseni wanaulizana bei ya jana. Mwezi ukijaa, ufuo huohuo hupoa. Boti za dagaa zinalala mchangani, mabaharia wanashona nyavu, na ukiuliza kulikoni utajibiwa kwa neno moja: mbalamwezi.

Jioni moja ya namna hiyo nilikaa na nahodha mmoja, mtu mzima aliyeanza kuvua dagaa enzi za karabai. Nilikuwa nimetoka kusoma habari za watafiti wanaokwenda Aktiki, kule juu kabisa ya dunia, katikati ya majira ya baridi, kuchunguza viumbe wa baharini ambao wengi hawaonekani kwa macho. Nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Wanavua?” Nikamwambia hawavui, wanahesabu. “Wanahesabu nini, mwanangu?” Viumbe, mzee, wengine wadogo kuliko chembe ya unga. Akanyamaza kidogo. “Haya. Na wakishawahesabu?”

Nimekaa na swali hilo wiki nzima, kwa sababu nahodha aliuliza kwa kutaka kujua, na jibu nililompa jioni ile lilikuwa fupi mno. Hili hapa ndilo jibu langu kamili.

Kijiji cha Ny-Ålesund kipo katika visiwa vya Svalbard vya Norwei, nyuzi 79 kaskazini, kama kilomita 1,200 kabla ya Ncha ya Kaskazini yenyewe. Zamani watu walichimba makaa ya mawe hapo. Mwaka 1962 mlipuko uliua wachimbaji 21, mgodi ukafungwa, na leo kijiji kizima ni cha watafiti na wale wanaowapikia, kuwaendeshea boti na kuwatengenezea mitambo. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari jua halichomozi. Anayetoka nje ya kijiji hubeba bunduki kwa sababu ya dubu weupe. Katika giza hilo, kwenye hori la Kongsfjorden, watu huinama ukingoni mwa boti na kushusha wavu.

Wavu wenyewe ungeweza kushonwa hapa mjini na fundi yeyote wa cherehani. Una umbo la pia, kitambaa chake ni chembamba chenye matundu ya kama sehemu mbili za kumi za milimita, mdomo umetandazwa kwa pete ya chuma na mkiani pamefungwa kikopo. Unashushwa wima hadi kina kinachotakiwa, kisha unavutwa pole pole. Kinachobaki kikoponi ukikitazama kwa macho utadhani ni maji ya kuoshea mchele. Weka tone moja chini ya hadubini, nawe unakutana na wenyeji wa bahari ile.

Anayestahili kutazamwa kwa makini ni kopepodi anayeitwa kalanusi. Ni jamaa wa mbali wa uduvi wetu, na mkubwa wao ni kama urefu wa punje ndefu ya mchele. Mwili wake unapitisha mwanga kama kioo, ana papasi mbili zinazokaribia urefu wa mwili mzima, na katikati, mahali ambapo ungetarajia kuona utumbo, unakuta mfuko mrefu unaong'aa. Ni mafuta. Wakati wa neema hula mimea midogo mpaka mafuta hayo yanapita nusu ya uzito wake mkavu, kisha huteremka kilindini na kulala miezi ya njaa. Samaki wadogo wa Aktiki wanamla yeye, sili wanawala samaki hao, na dubu anamla sili. Mafuta yanayompa joto dubu mweupe yalianzia kwenye punje ile ya mchele, na kabla ya hapo kwenye mimea ya chembe moja inayojijengea ganda la silika, vitu vilevile vinavyotengeneza kioo. Mimea midogo ya baharini ya kila aina, ukijumlisha ya dunia nzima, hufanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa sayari hii, yaani kazi ya kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kutoa oksijeni. Pumzi unayovuta ukiwa umekaa chini ya mwembe hapa Bagamoyo inawahusu hao kama inavyouhusu mwembe.

Turudi kwenye mwezi, maana hapo ndipo nahodha alipoinua kichwa.

Kwa miaka mingi wanasayansi waliamini kwamba katika usiku mrefu wa Aktiki bahari imelala. Hakuna jua, hakuna mmea unaokua, basi na wanyama wadogo watakuwa wamejificha chini wakisubiri. Katika bahari nyingine, ya kwetu ikiwamo, viumbe hawa hupanda juu jua likizama na kushuka alfajiri. Ndiyo safari kubwa kuliko zote za wanyama duniani, na hufanyika kila siku chini ya ngalawa zetu bila sisi kuisikia. Sasa jua lisipochomoza kwa zaidi ya miezi mitatu, nani atawapigia kengele?

Mwaka 2016 jibu lilichapishwa. Watafiti walikusanya kumbukumbu za miaka mingi kutoka kwenye vyombo vilivyofungwa sehemu mbalimbali za Aktiki, vyombo vinavyopiga sauti majini na kusikiliza mwangwi unaorudi. Kumbukumbu hizo zilionyesha kwamba majira ya baridi viumbe hawa huacha saa 24 za jua na kufuata siku ya mwezi, yenye saa 24 na dakika kama 50. Na kila baada ya siku 29 na nusu, mwezi ukiwa mpevu, kundi zima huzama hadi kina cha mita 50 hivi. Wanakimbia mwanga, kwa sababu mwanga wa mwezi unamwonyesha adui mahali walipo.

Nilipofika hapo nahodha alipiga goti lake kwa kiganja. “Kumbe na huko mbalamwezi ipo!”

Ipo, na inafanya kazi ileile. Hapa kwetu taa huwavuta viumbe wadogo, dagaa wanawafuata, na wavu unazungushwa. Mbalamwezi ikitanda bahari nzima, taa ya boti inapoteza nguvu yake na dagaa hawakusanyiki. Wavuvi wa pwani hii wanaijua kanuni hiyo tangu kabla ya karabai, tangu zama za mienge. Sioni vibaya kulisema hili kwa sauti: nahodha wangu alikuwa na kipande cha jibu ambacho watu wenye meli na vyombo vya mwangwi walikuwa bado wanakitafuta.

Lakini kuna jambo la pili, la mwaka 2020, ambalo hata yeye lilimshangaza. Watafiti walewale wa giza la Aktiki walijiuliza kama meli yao, inayowaka taa za kazi kama soko la usiku, haiwafukuzi wale wanaokuja kuwapima. Wakapima taa zikiwa zimewashwa, wakapima zikiwa zimezimwa. Tabia ya samaki na viumbe wadogo ilibadilika hadi kina cha mita 200. Maana yake ni kwamba kipimo chochote kilichochukuliwa gizani kutoka kwenye meli yenye taa kina kasoro, na makadirio ya samaki yanayojengwa juu yake yana kasoro pia. Tangu hapo, anayetaka kujua hali halisi ya bahari ile lazima akubali kufanya kazi katika giza. Hilo nalipenda sana katika sayansi: mtu anarudi kujikagua mwenyewe, anakuta taa yake ndiyo iliyokuwa ikimdanganya, na analiandika hilo mbele ya watu wote.

Sasa, “wakishawahesabu” inakuwaje?

Chukua barafu. Wengi tunaidhania ni mfuniko mtupu juu ya bahari, kumbe upande wake wa chini ni shamba. Ukigeuza kipande chake mwezi Aprili utakuta tabaka la rangi ya kahawia kama chai iliyokolea. Hiyo ni mimea midogo iliyoota kwenye barafu kwa mwanga hafifu unaopenya kutoka juu. Baadaye barafu inapopasuka na jua kuingia majini, mimea mingine inachanua ndani ya maji yenyewe. Kwa hiyo kuna misimu miwili ya mavuno, kama masika na vuli kwa mkulima wa huku.

Kwenye hori la Rijpfjorden, kaskazini mashariki mwa Svalbard, watafiti walifuatilia kalanusi mwaka 2007 na kukuta ameipanga familia yake juu ya misimu hiyo miwili. Mavuno ya chini ya barafu yalikuja mwishoni mwa Aprili, ya majini yakaja mwanzoni mwa Julai, tofauti ya miezi miwili. Mama anakula mavuno ya kwanza ili apate nguvu ya kutaga. Watoto wanaanguliwa, wanakua wiki kadhaa, na wanafika umri wa kula sawasawa wakati mavuno ya pili yanapoiva. Hakuna aliyewafundisha, kalenda imo mwilini. Barafu ikipasuka mapema, mavuno ya pili yanasogea mbele, lakini watoto bado hawajawa tayari. Chakula kipo, walaji wapo, hawakutani. Mwaka huo watoto wananenepa kidogo, samaki wanapata kidogo, na atakayekuja kutupa nyavu miaka miwili baadaye atasema bahari imekuwa mbaya, bila kujua kwamba ubaya ulianza kwenye wiki chache za mwezi wa sita.

Na barafu kweli inapasuka mapema. Setilaiti zimeipima tangu 1979, na kipimo cha chini kuliko vyote, kama kilomita za mraba milioni 3.4, kilionekana Septemba 2012. (Nirekebishe hapa jambo moja ninalolisikia sana vijiweni: barafu inayoelea ikiyeyuka haipandishi maji ya bahari, kama kipande cha barafu kinavyoyeyuka kwenye glasi ya juisi ya ukwaju bila juisi kumwagika. Inayopandisha maji na kula fukwe zetu ni ile iliyokaa juu ya ardhi, kama ya Greenland, pamoja na maji yenyewe kutanuka kwa joto.)

Mambo mawili yalionekana miaka hiyo kwa sababu tu watu walikwenda wenyewe. Mwaka 2011 meli ya Marekani iitwayo Healy iliingia kwenye barafu ya Bahari ya Chukchi, kaskazini mwa Alaska, na watafiti wakakuta chini ya barafu maji ya kijani yaliyojaa mimea midogo kwa wingi ambao hakuna aliyeutegemea mahali pale. Barafu ilikuwa imekonda, na madimbwi ya maji yaliyotuama juu yake yalipitisha mwanga kama vioo vya paa. Mwaka uliofuata, meli ya Ujerumani iitwayo Polarstern ilishusha kamera kwenye sakafu ya bahari, kina cha zaidi ya mita 3,000, na kukuta mabonge ya mimea ya barafu yaliyokuwa yameanguka kutoka juu, na majongoo ya bahari yakiyala. Naam, majongoo ya bahari, ndugu wa hawa wanaokaushwa na kusafirishwa kutoka kwetu. Setilaiti haikuyaona hayo. Inaona uso wa barafu, haioni shamba lililo chini yake.

Huo ndio mwanzo wa jibu langu kwa nahodha. Wakishawahesabu, mzee, wanajua kalenda ya bahari. Na wakirudi kuhesabu mwaka hadi mwaka, wanajua kalenda ikianza kuteleza kabla samaki hawajapotea.

Alinisikiliza, kisha akaleta hoja ambayo nilijua inakuja: gharama. Ina uzito. Safari ya utafiti wa Aktiki iitwayo MOSAiC, ambapo Polarstern iliondoka Tromsø tarehe 20 Septemba 2019, ikaachwa igandamane na barafu makusudi, ikasukumwa nayo majira yote ya baridi na kurejea Bremerhaven tarehe 12 Oktoba 2020, iligharimu zaidi ya yuro milioni 140. Fedha hiyo ingenunua boti ngapi za kisasa kwa pwani yote kuanzia Moa hadi Msimbati? Mtu anayelala na njaa ana haki ya kuuliza hivyo, na mtafiti anayekereka akiulizwa hajui kazi yake inawahusu akina nani.

Ila tazama fedha inakwenda wapi. Inakwenda kwenye barafu: meli yenye nguvu ya kuivunja, mafuta, helikopta, meli nyingine za kuleta chakula na kubadilisha watu. Kuhesabu kwenyewe ni wavu, chupa, dawa ya kuhifadhia, hadubini na mtu mwenye subira. Sisi hatuna barafu. Bahari yetu iko wazi siku 365 kwa mwaka, mtu anaifikia kwa ngalawa. Sehemu ghali kuliko zote ya kazi hii tumesamehewa na jiografia, na bado kazi yenyewe tunaiona ni ya matajiri.

Kuna mfano ninaouona wa maana kwetu kuliko meli yoyote ya barafu. Mwingereza mmoja, Alister Hardy, alitengeneza sanduku la chuma linalokokotwa nyuma ya meli za kawaida za biashara. Maji yanaingia mbele kwenye tundu dogo, yanapita kwenye kitambaa cha hariri kinachojiviringisha pole pole, viumbe wadogo wananaswa na kuhifadhiwa humo, na meli ikifika bandarini kitambaa kinakunjuliwa na kusomwa kama utepe: hapa maili hii, hapa maili ile. Kazi hiyo ya kudumu ilianza 1931 na inaendelea hadi leo. Nahodha wa meli ya mizigo hahitaji kujua sayansi yoyote, anakokota tu. Kwa sababu ya vitambaa hivyo ilijulikana mwaka 2002 kwamba kopepodi wa maji ya joto, mashariki mwa Atlantiki ya kaskazini, walikuwa wamesogea nyuzi kama 10 kuelekea kaskazini katika miaka 40, na wale wa maji ya baridi wamerudi nyuma. Hakuna msafara mmoja, hata wa yuro milioni 140, ungeweza kugundua hilo. Ilihitajika miongo. Kila siku meli za mizigo na abiria zinakata Mlango wa Zanzibar mbele ya macho yetu.

Misafara tunaijua sana Bagamoyo. Burton na Speke walishukia Kaole mwaka 1857. Stanley aliondokea hapa mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, na Februari 1874 Chuma na Susi na wenzao walifikisha hapa mwili wa Livingstone baada ya kuubeba kutoka ndani kabisa ya bara. Wote walipita. Walichojifunza njiani kiliandikwa na kuhifadhiwa kwingine, na wapagazi wengi waliobeba mizigo hiyo hata majina yao hatuna. Ndiyo maana nikisikia neno msafara wa kisayansi nauliza kwanza kitakachobaki baada ya msafara. Ny-Ålesund wamejibu kwa kujenga kituo. India, ndugu zetu wa bahari moja, walifungua kituo chao pale mwaka 2008, wakiwa na hamu ya kujua Aktiki inahusianaje na pepo za msimu zinazoleta mvua kwao. Pepo hizohizo sisi tunaziita kusi na kaskazi.

Na Aktiki si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Fridtjof Nansen wa Norwei, aliyeiacha meli yake Fram igandamane na barafu kuanzia 1893 hadi 1896 na katika safari hiyo akatazama mimea midogo ya barafu kwa hadubini, jina lake limefika kwenye maji yetu. Tangu 1975 meli za utafiti zenye jina Dr Fridtjof Nansen zinafanya kazi na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Ya kwanza ilipima samaki wa Tanzania mwaka 1982 na 1983. Ya tatu ilifika kwetu 2018. Mtoto aliyezaliwa wakati wa ziara ile ya kwanza alikuwa na umri wa miaka 35 wakati wa hii ya 2018. Chuo cha uvuvi cha Mbegani, kilomita chache tu kusini mwa mji huu, nacho kilijengwa kwa msaada wa Norwei. Nashukuru kwa yote hayo. Lakini meli mgeni inatupigia picha moja nzuri kisha inaondoka, na kalenda haisomwi kwenye picha moja.

Watu wa kuisoma tunao. Nilipokuwa mtoto, wakati wa kaskazi bahari ikiwa shwari, tuliona michirizi ya rangi ya kahawia juu ya maji kama unga wa mbao uliomwagika, mirefu hadi macho yanapoishia. Tuliambiwa ni uchafu wa meli. Miaka mingi baadaye nikasoma utafiti wa wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kujua kwamba ni trikodesmiamu, viumbe hai, vinavyoongezeka wakati wa kaskazi na vyenye uwezo wa kuchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea ya bahari. Niliona fahari na huzuni kwa pamoja. Fahari kwa sababu waliojua ni watu wetu. Huzuni kwa sababu ufuo mzima wa utoto wangu ulikuwa ukiita uchafu kitu kinachorutubisha maji ya dagaa wake.

Utafiti wetu mwingi unaishi kwa miradi. Mradi ukiwapo, boti inatoka kila wiki. Mradi ukiisha, vyupa vinabaki kabatini. Hapo ndipo kidonda kilipo kwa maoni yangu, kwa sababu thamani ya kuhesabu inakuja na muda. Hesabu ya mwaka mmoja ni habari, hesabu ya miaka 30 ni ushahidi. Na ushahidi ndio tunaoukosa kila tunapokaa kwenye mkutano wa uvuvi. Mvuvi anasimama na kusema zamani dagaa walikuwa wengi. Zamani lini, mzee? Mwezi gani? Wengi kiasi gani? Ofisa naye anasimama na kanuni ya matundu ya nyavu. Kila mmoja ana ukweli wake, hakuna mwenye kalenda, na kikao kinaisha kwa lawama.

Wanawake wa Mlingotini wanaolima mwani wameshaonja maana ya kalenda kuteleza. Kotoni, mwani wenye bei nzuri zaidi, haustahimili maji yakipata joto kupita kiasi. Matawi yanageuka meupe na kukatika, ugonjwa ambao wakulima wa mwani duniani wanauita aisi-aisi, yaani barafu-barafu. Bi mmoja aliniwekea kiganjani tawi la namna hiyo: jeupe, laini, linabomoka ukiligusa kama ukoko uliolowa. Aliniambia hajawahi kuona barafu ila ile ya kwenye friji, lakini jina la ugonjwa analijua.

Ninachoomba kinaweza kuanza bila yuro milioni moja. Wavu mmoja, sehemu moja mbele ya Mbegani, kila wiki, mvua na jua, kusi na kaskazi, mikononi mwa wanafunzi wa uvuvi ambao wako pale kila mwaka. Vyupa vipelekwe kwa wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Unguja au wa taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI. Pembeni yake daftari la manahodha: giza la ngapi, kina gani, ndoo ngapi, maji ya rangi gani. Mto Ruvu unamwaga maji yake hapa jirani, mikoko ipo, kamba wachanga wanaanza maisha yao wakielea kama viumbe hao hao wasioonekana. Ni vigumu kupata mahali pazuri zaidi pa kusimama na kuhesabu.

Mimi nimeanza na kitu kidogo zaidi ya wavu. Mwaka 1865 padri mmoja wa Italia, Angelo Secchi, alishusha sahani nyeupe baharini na kupima kina inapopotelea machoni. Njia hiyo bado inatumika dunia nzima. Nilikata duara la sentimita 30 kutoka kwenye mfuniko wa ndoo ya rangi, nikalipaka rangi nyeupe, nikafunga jiwe chini na kamba yenye fundo kila nusu mita. Saa saba mchana nahodha alinitoa kwa ngalawa. Tukashusha. Sahani ikawa ya kijani, ikawa kama jani, ikawa kivuli, ikapotea kwenye fundo la kumi. Mita 5. Wiki iliyofuata mita 4 na nusu. Ya tatu, baada ya mvua kubwa huko juu Ruvu unakotoka, mita 2. Sahani haiwezi kutenganisha tope na viumbe, ndiyo maana inahitaji wavu pembeni yake, na wavu huo sasa unashonwa kwa soksi ndefu za nailoni na mpwa wangu aliye kidato cha tatu.

Nahodha ameniomba daftari likae botini. Ukurasa wa kwanza ameandika mwenyewe, kwa kalamu ya risasi, tarehe ya giza lililopita, ndoo alizopata, na neno moja juu ya rangi ya maji: mazito.